Safu ya fifo: kadi ya mtandao niliyoilaumu bure, Goma

Mwaka 2009 nilikuwa nasimamia chumba cha kompyuta cha kituo kimoja cha mafunzo upande wa Katindo, hapa Goma. Tulikuwa na kompyuta 18 za wanafunzi, zote zimeshatumika Ulaya kabla ya kutufikia, swichi moja ya megabiti 100, na chini ya meza yangu seva: Pentium III ya megahezi 733, memori megabaiti 256, Debian, aina ya Linux, ndani yake. Mashine hiyo moja ilibeba kila kitu. Ndiyo iliyokuwa mlango wa kutokea kwenda kwenye setilaiti, ndiyo iliyotunza kurasa zilizokwisha kufunguliwa ili tusizilipie mara mbili, na ndiyo iliyohifadhi kazi za wanafunzi.

Karibu na saa sita mchana, na tena karibu na saa kumi, chumba kizima kilianza kulalamika juu ya rezo, yaani mtandao. "Mwalimu, rezo imekatika tena." Kurasa zinaganda, faili zinakataa kuhifadhika, halafu baada ya dakika kumi au kumi na tano mambo yanarudi yenyewe. Mimi nilikuwa na jibu moja, na nililitoa kwa uhakika: setilaiti. Nilipiga simu kwa waliotuuzia huduma, nikapanda juu ya paa mara tatu kuangalia antena, nikamwambia Mama mkurugenzi kwamba ni mawingu kutoka upande wa mlima Nyiragongo.

Wiki hiyohiyo msichana mmoja wa darasa la uhasibu alipoteza kazi ya wiki tatu. Windows ilimwandikia kwamba imeshindwa kuhifadhi data yote, naye akabonyeza sawa kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kubonyeza. Nilimwambia pengine aligusa waya kwa mguu. Alinyamaza, akaanza upya. Neno lile linaniuma mpaka leo, maana hakugusa kitu.

Kilichonifungua macho ni jambo dogo. Siku moja rezo ilipoganda, sikuita tovuti ya nje kwa ping, amri ya kuita mashine nyingine na kungoja ijibu, niliita seva yenyewe, ile iliyo mita nne kutoka nilipokaa. Kila majibu matano, moja lilipotea. Setilaiti haina habari na waya wa mita nne. Nikaandika `ifconfig`, amri inayoonyesha hesabu za kadi ya mtandao, kwenye seva, nikasoma mstari ambao nilikuwa nauruka miaka yote: pakiti, yaani vifurushi vya data, zilizopokewa zilikuwa zaidi ya milioni nne, makosa 18,877, na mbele kidogo, kwenye neno overruns, namba ileile 18,877. Frame ilikuwa sifuri.

Hapo niseme kidogo kuhusu namba hizi, kwa sababu zinazungumza na watu wengi hawazisikilizi. Ukifungua `/proc/net/dev`, faili ya Linux yenye hesabu hizohizo, utaona safu zimepangwa: errs, drop, fifo, frame. Frame ikipanda, pakiti zinafika zimeharibika, basi shuku waya, viunganishi, au pande mbili zisizokubaliana kuhusu namna ya kuongea. Drop ikipanda, pakiti imefika salama lakini kerneli, kiini cha Linux, imeitupa yenyewe. Fifo, ambayo ndiyo `ifconfig` inaiita overruns, ni kitu kingine kabisa. Pakiti ilikuwa nzima, imefika mlangoni, ikakuta hakuna mahali pa kuwekwa. Na kwa draiva yetu, programu inayoendesha kadi, kila hesabu moja ilikuwa tukio moja, na tukio moja linaweza kumeza pakiti kadhaa.

Mtu wa Goma haelezwi sana jambo hili, maana anaijua foleni ya robine. Bidoni za njano zimepangwa, maji yanatoka kwa kasi yake na hayamngoji mtu. Ikijaa moja inatolewa, inawekwa nyingine. Anayebeba akisimama kuongea na jirani, maji yanamwagika kwenye mawe. Bidoni haijatoboka.

Kadi ya mtandao ya seva yetu ilikuwa na chipu ya Realtek 8139, ile iliyokuwa kwenye kila duka la vipuri duniani miaka ile. Ndani yake ina akiba ya kilobaiti 2 tu za kupokelea. Kutoka hapo inazimimina pakiti kwenye sehemu ya memori ya kompyuta ambayo draiva ya Linux inaitengea, kilobaiti 32, inayozungukwa kama duara: kadi inaandika mbele, prosesa inasoma nyuma. Sasa piga hesabu. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Kilobaiti 32 zinajaa kwa milisekunde 2.6. Duara likijaa, zile kilobaiti 2 zilizobaki kwenye chipu zinajaa kwa muda usiofika robo ya milisekunde moja. Baada ya hapo kila kinachokuja ni maji ya kumwagika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mfukoni. Nilisadiki kwamba namba iliyo kwenye kadi ni ugonjwa wa kadi. Nikaenda Birere, nikanunua kadi mbili za mtumba kwa dola 8 kila moja. Nikaweka ya kwanza: fifo ikapanda. Nikaweka ya pili: ikapanda. Nikakata ncha za waya na kuzibana upya, nikahamia tundu jingine la swichi. Hakuna kilichobadilika, na Mama mkurugenzi alianza kuniuliza, kwa upole wake, kama kweli najua ninachokitafuta.

Hatua iliyofuata ilikuwa na maana zaidi. Nilisoma `/proc/interrupts`, orodha ya nani anamkatiza prosesa kwa laini ipi. Kadi ya mtandao wa ndani, kadi ya setilaiti na USB zote zilikuwa zinagonga mlango mmoja, namba 11. Kila kengele ikilia, prosesa inabidi aulize kila mmoja: ni wewe? Nikaihamisha kadi kwenye sloti ya juu, ikapata laini yake. Namba ilipungua kidogo, pengine robo. Nilifurahi siku mbili, halafu saa kumi ya siku ya tatu chumba kikaganda kama kawaida.

Nikachukua daftari la shule, la kurasa 96, nikaanza kuandika. Kila nusu saa: saa, namba ya fifo, na wanafunzi wanafanya nini. Nilifanya hivyo siku mbili bila kugusa mashine, na nakiri ilikuwa vigumu, mikono ilikuwa inawasha. Lakini karatasi ilisema wazi. Asubuhi, watu wakisoma kurasa za intaneti, fifo haiongezeki hata moja. Setilaiti yetu haikuweza kujaza bidoni yoyote, ilikuwa ndogo mno. Saa sita kasorobo, darasa likianza kuhifadhi kazi zake kwenye seva kwa pamoja ili watu waende kula, namba inaruka kwa mia tatu, mia nne. Saa kumi kasorobo, tena hivyohivyo.

Kijana mmoja anayetoka Majengo, aliyekuwa anapenda kubaki kunisaidia kufunika kompyuta, aliangalia daftari, akachungulia chini ya meza, akasema, "Mwalimu, lakini hii taa nyekundu ya diski, saa hiyo haizimiki hata kidogo."

Ilikuwa mbele yangu miezi yote. Taa ya diski inapaswa kupepesa. Hii ilikuwa inawaka moja kwa moja, dakika nzima, kama taa ya pikipiki. Nikafungua `top`, orodha ya kazi zinazomshughulisha prosesa, wakati wa kuhifadhi: prosesa ilikuwa imeshikwa karibu yote na kazi za kerneli yenyewe, programu za watu zinabaki na makombo. Nikaandika `hdparm /dev/hda`, amri ya kuonyesha mipangilio ya diski, na majibu yalikuja na mistari mitatu niliyoinakili daftarini: multcount 16, unmaskirq 0, using_dma 0.

DMA imezimwa. Maana yake diski haikuwa inapeleka data kwenye memori kwa njia yake. Prosesa mwenyewe ndiye aliyekuwa anabeba kila neno kwa mkono, kutoka kwenye memori mpaka kwenye diski, mapigo kumi na sita ya baiti 512 kwa safari moja. Na kwa sababu unmaskirq ilikuwa sifuri, wakati anabeba alikuwa ameziba masikio: kadi ya mtandao inapiga kengele, hasikii mpaka safari iishe. Kipimo cha `hdparm -t` kilinipa megabaiti 3.1 kwa sekunde. Safari moja ni baiti 8,192. Gawanya: milisekunde 2.6.

Nilikaa nikaziangalia hizo namba mbili kwenye ukurasa mmoja. Milisekunde 2.6 za kujaa kwa duara la kadi. Milisekunde 2.6 za prosesa kuwa kiziwi. Wanafunzi kumi na wanane wakisukuma faili kwa pamoja, kila mara diski ilipoandika, duara lilikuwa kwenye ukingo wa kumwagika, na safari mbili zikifuatana lilimwagika. Sijawahi kuona hesabu iliyonituliza moyo kama ile.

Kishawishi cha kwanza kilikuwa kuandika `hdparm -u1`, prosesa asikie kengele hata akiwa amebeba. Ingepunguza fifo siku hiyohiyo. Lakini mwongozo wa amri yenyewe unaonya kwamba kwenye baadhi ya mashine jambo hilo linaweza kuharibu diski nzima, na ndani ya diski ile kulikuwa na kazi za watu zaidi ya mia. Sikugusa. Niliwasha DMA kwa `-d1`. Kwa dakika mbili kila kitu kilikwenda vizuri, halafu ikajizima. `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ikaeleza: dma_intr, BadCRC, mara nne, kisha ide0 reset, DMA disabled.

BadCRC kwenye diski za aina ile haisemi kwamba sahani za diski zimekufa. Inasema data ilitoka upande mmoja ikiwa nzima ikafika upande wa pili ikiwa imebadilika. Njiani kuna kitu kimoja tu.

Nilizima seva baada ya watu kuondoka, nikachomoa umeme, nikagusa chuma cha kasha kwanza. Goma imekaa juu ya lava na fimbo ya kutia umeme ardhini haiingii kwa urahisi, kwa hiyo makasha yetu yanauma vidole. Nikaondoa kifuniko. Vumbi lile jeusi la kwetu lilikuwa limetanda kila mahali, laini kama masizi. Nikalifagia kwa brashi ya rangi na nikaivuta kebo bapa ya diski kwenye mwanga wa dirisha.

Kebo nzuri za diski zile zina nyuzi 80, nyembamba, zimebanana, na viunganishi vyake ni vya rangi: wa bluu kwenye ubao, mweusi kwenye diski, wa kijivu katikati. Nyuzi 40 kati ya hizo hazibebi data, ni za ardhi, zinatenganisha jirani na jirani ili wasisikilizane. Nilipitisha ukucha juu ya hii yetu: mifereji mipana, michache. Nyuzi 40. Viunganishi vyote vyeusi. Nikakumbuka siku moja. Mwaka mmoja kabla, umeme ulirudi kwa nguvu usiku ukaunguza diski, nikaweka nyingine haraka ili darasa lisikose asubuhi, na kebo ya zamani ikachanika nikiivuta. Nikachukua iliyokuwepo kwenye sanduku. Kwa kawaida kerneli ikiona kebo ya nyuzi 40 inapunguza mwendo yenyewe. Lakini ndani ya faili ya kuwashia kulikuwa na maneno `ide0=ata66`, niliyoyaandika mimi zamani tulipokuwa na kebo nzuri, yanayoiambia kerneli: usichunguze, niamini. Ikaniamini. Ikapeleka data kwa kasi ambayo kebo haikuiweza, makosa yakaja, ikazima DMA ili kuokoa data, prosesa akaanza kubeba kwa mkono, na kadi ya mtandao ikapata lawama.

Kebo ya nyuzi 80 niliipata kwa fundi mmoja karibu na soko la Virunga. Aliitoa kwenye kompyuta iliyokufa na akakataa pesa. Nikaiweka, nikafuta yale maneno, nikawasha. Kipimo cha diski kikatoka megabaiti 3.1 kikawa 34. Kesho yake saa kumi kasorobo nilisimama nyuma ya darasa na daftari. Watu walihifadhi, wakafunga, wakatoka wakipiga soga. Taa nyekundu ilipepesa. Fifo haikuongezeka hata moja.

Yule msichana wa uhasibu nilimwita pembeni, nikamweleza kilichotokea na nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu nilimlaumu mbele ya wenzake. Alisema, "Haina neno, Mwalimu," halafu akauliza kama kazi yake ya zamani inaweza kupatikana. Haikuweza.

Miaka mitano baadaye nilikutana na ugonjwa unaofanana, na huo ulinifundisha upande mwingine. Papa mmoja mwenye studio ya video za harusi, Birere, alikuwa na Pentium 4 kama seva na amenunua kadi ya gigabiti ya Intel ili kunakili video haraka. Ilikuwa inakwenda polepole kuliko kadi aliyoitoa. Safari hii nilianza na namba kabla ya kugusa bisibisi. `ethtool -S` kwenye kadi hizo inaeleza zaidi: rx_no_buffer_count ikipanda, kadi imekosa nafasi iliyotengwa kwenye memori. Rx_missed_errors ikipanda, akiba ya ndani ya kadi yenyewe imejaa na pakiti imepotea. Kwake zote mbili zilikuwa zinapanda.

Kwa ile ya kwanza kulikuwa na dawa. `ethtool -g` ilionyesha nafasi 256 zinazotumika kati ya 4096 zinazowezekana. Niliongeza mpaka 1024, na rx_no_buffer_count ikasimama karibu palepale. Sikupeleka mpaka mwisho. Kila nafasi ni memori, na foleni ndefu mno inawafanya wengine wangoje. Bafa kubwa, yaani akiba ya kungojea, ni nzuri pale maji yanapokuja kwa mafungu na mbebaji anapata muda wa kupumua katikati.

Ile ya pili haikukubali. Kadi ilikuwa kwenye sloti ya kawaida ya PCI, biti 32 kwa megahezi 33, ambayo kwa karatasi inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde kwa wote waliopangwa humo. Gigabiti moja peke yake ni megabaiti 125. Na alikuwa ameongeza kadi ya diski za SATA kwenye sloti ya jirani, barabara ileile. Kila baiti ya harusi ilipita mara mbili: kutoka mtandao kwenda kwenye memori, na kutoka memori kwenda kwenye diski. Hakuna bafa inayoponya hesabu ya namna hiyo. Nilijaribu kuwasha ishara za kusitisha kati ya kadi na swichi, zile zinazomwambia mtumaji angoje kidogo, lakini swichi yake ya bei rahisi haikuzielewa.

Nikamwambia ukweli: "Papa, nikiishusha kadi hii mpaka megabiti 100, itakwenda haraka kuliko sasa." Aliniangalia kama mtu anayeambiwa auze gari anunue chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Akaniruhusu kujaribu, kwa sababu kujaribu hakukugharimu kitu. Kunakili kwa gigabiti kulikuwa kunaruka kati ya megabaiti 5 na 9 kwa sekunde, na kusimama kabisa katikati wakati pakiti zilizopotea zinatumwa upya. Kwa megabiti 100 kulikaa kwenye 11 bila kuyumba. Harusi ya Jumamosi, gigabaiti 22, iliingia kwenye seva kwa muda wa nusu saa na kitu, Papa akiwa amevuta kiti karibu, akifuata ule mstari wa kijani mpaka ulipofika mwisho. Umeme ulikatwa saa mbili usiku, faili zote zikiwa zimeshaandikwa.